KWA NINI WALIMU WETU WA SAYANSI WAENDELEA KUSOMA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila Jumatano, baada ya kipindi cha mwisho, walimu wetu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia hukutana katika maabara muda wa saa moja na nusu. Wakati wa likizo baadhi yao husafiri kwenda mafunzoni, na mara nyingine mafunzo hayo huangukia siku za masomo, nasi tukabaki na kazi iliyoandikwa ubaoni. Jambo hili limeleta maneno mengi mabwenini. Wengine husema, "Mwalimu amekwisha pata digrii yake; ajifunza nini tena?" Hata siku ya mkutano wa wazazi nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba fundi akisha hitimu harudi tena kwa aliyemfundisha. Sisi wa Kidato cha Nne twaona uchungu zaidi, maana mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba hautungoji.

Swali hili ni la haki, nalo lafaa kujibiwa. Mimi ni kiranja wa maabara. Kazi yangu ni kuosha vyombo na kuvipanga, kwa hiyo mara nyingi nimekuwamo humo walimu wakizungumza, nao hawakunifukuza. Nimewauliza maswali, na nimesoma niliyoweza kusoma. Basi, nitaeleza kwanza kwa nini mwalimu wa sayansi hawezi kuacha kujifunza. Pili, jinsi mafunzo yenyewe yafanywavyo. Na tatu, kasoro zake, na msaada ambao sisi twaweza kuutoa.

Sayansi haikai mahali pamoja

Mfikirie mwalimu aliyemaliza chuo mwaka 2005. Alipokuwa mwanafunzi aliambiwa kwamba jua lina sayari tisa. Mwaka 2006 wataalamu wa nyota wa dunia nzima walikutana wakaamua kwamba Pluto isihesabiwe pamoja na sayari kubwa, na tangu hapo zimebaki nane. Aliambiwa pia kwamba kilogramu ni tungamo ya kipande cha madini ya platini na iridi kilichofungiwa mahali paitwapo Sèvres, karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho si kipimo cha dunia tena. Kilogramu sasa hupatikana kwa namba ya maumbile isiyobadilika, iitwayo namba ya Planck. Na lile jedwali la elementi alilokariri lilikuwa na mapengo katika safu yake ya saba. Mwaka 2016 elementi nne, yaani namba 113, 115, 117 na 118, zilipewa majina, na safu ile ikajaa.

Mwalimu huyu hakufundishwa vibaya. Alifundishwa mambo kama yalivyokuwa yakijulikana siku zile. Lakini akikaa miaka ishirini na daftari lake la chuo tu, atatufundisha mambo ya siku zile, nasi tutakwenda nayo katika mtihani.

Mitaala nayo hubadilika. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika katika Kidato cha Kwanza hapa Tanzania. Kwa hiyo mwalimu yule yule aweza kuingia darasani kwetu asubuhi akafundisha kwa mtaala wa zamani, na saa nne akaingia kwa wadogo zetu akafundisha kwa mtaala mpya. Ni nani atakayemwonyesha tofauti, ikiwa hana mahali pa kujifunzia?

Kwa yule mzee aliyetaja mafundi, ningependa kumwambia kwa heshima kwamba mfano wake ni mzuri, lakini wafika mbali kuliko alivyoupeleka. Fundi wa magari aliyejifunza injini za zamani na hataki kujifunza tena, leo akiletewa gari lenye kompyuta ndani atalifungua asiweze kulifunga. Wateja wake watamkimbia. Tofauti ni kwamba sisi wanafunzi hatuwezi kumkimbia mwalimu wetu. Tutakaa mbele yake miaka minne.

Kujua na kufundisha

Hata hivyo, habari mpya si sababu kubwa kuliko zote. Ziko sababu za ndani zaidi, nami nilizielewa kwa ajili ya mshumaa.

Wengi wetu twalijua jaribio hili. Mshumaa husimamishwa katika sahani yenye maji, ukawashwa, kisha ukafunikwa kwa bilauri. Baada ya muda kidogo moto hufa, na maji hupanda ndani ya bilauri. Hapo huambiwa kwamba moto umeila oksijeni yote, na kwa kuwa oksijeni ni kadiri ya sehemu moja katika tano za hewa, maji yamepanda kuijaza nafasi yake. Maelezo haya yapendeza masikioni. Yameelezwa hivyo katika madarasa mengi, hapa na ng'ambo, kwa miaka mingi. Lakini si sahihi.

Jumatano moja mwalimu wetu wa Kemia aliliweka jambo hili mezani mbele ya wenzake. Walileta sahani, mishumaa na bilauri, wakatazama kwa makini. Waliona kwamba maji hayapandi polepole kwa kadiri mshumaa unavyowaka, kama ambavyo yangefanya kama sababu ingekuwa ni kuliwa kwa oksijeni peke yake. Maji hukaa chini, kisha moto ukififia na kuzimika hupanda kwa haraka. Ndipo wakajaribu tena kwa mishumaa mitatu chini ya bilauri ile ile. Maji yalipanda juu zaidi! Sasa, oksijeni iliyomo katika bilauri ni ile ile; mishumaa ikiongezwa haiwezi kuiongeza.

Sababu kubwa ni joto. Moto huipasha hewa iliyo karibu nao, hewa hiyo ikatanuka, na nyingine ikatoka kabla ya bilauri kukaa sawa, au ikapenya chini kwa mapovu. Moto ukisha kufa, hewa iliyobaki hupoa na kunywea, na hewa ya nje huyasukuma maji yaingie. Mishumaa mitatu hutoa joto jingi kuliko mmoja, na kwa hiyo maji hupanda zaidi. Tena mshumaa huzimika kabla oksijeni yote haijaisha, na ile iliyotumika haipotei, bali hugeuka kuwa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Atakaye kuipima oksijeni kwa kweli na atumie kutu: nyuzi za chuma zilizoloweshwa huwekwa ndani ya bomba la kioo lililofumbwa upande mmoja, na bomba hilo husimamishwa kichwa chini katika maji kwa siku kadhaa. Chuma kikipata kutu huichukua oksijeni bila kutoa hewa nyingine mahali pake, na maji hupanda karibu sehemu moja katika tano.

Wote wanne waliokuwapo siku ile wana digrii. Wote walikuwa wameyapata maelezo yale ya zamani wakiwa shuleni, na hakuna aliyewahi kukaa na mwenzake akayajaribu. Hapo niliona kwamba mtu aweza kuwa na elimu nyingi, na bado akabeba kosa dogo miaka mingi kwa kuwa hakupata mahali pa kulitoa na kulitazama.

Swali la mwanafunzi

Sababu nyingine ni sisi wenyewe na maswali yetu. Nchi yetu ina habari mashuhuri ya jambo hili. Mwaka 1963 mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza barafu ya maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa inakwisha, naye Mpemba akayatia yakiwa bado ya moto. Baadaye aliona kwamba yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alifika mgeni, Dr. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha Fizikia katika Chuo Kikuu kule Dar es Salaam. Mpemba akasimama akamwuliza swali lile lile, na wenzake wakamcheka. Yule mgeni hakusema ndiyo wala siyo. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari yao pamoja katika gazeti la walimu wa Fizikia la Uingereza, na hadi leo dunia hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Lazima niseme kwamba wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba walipima kwa uangalifu na hawakuona maji ya moto yakipoa upesi kuliko ya baridi. Lakini kubishana huko hakupunguzi fundisho la habari hii kwa walimu. Wala sisemi hivi kumlaumu mwalimu yule wa kwanza. Alijibu kwa elimu aliyokuwa nayo, na kwa elimu hiyo jibu lake lilikuwa la kutazamiwa. Ninalosema ni hili: mmoja alijibu kwa yale aliyokwisha kujua, na wa pili akaenda kujaribu. Mafunzo ya walimu yakiwa mazuri, humfanya mwalimu awe kama wa pili. Hayampi majibu yote ya maswali yetu, maana hakuna awezaye kuyapata yote. Humpa desturi ya kusema, "Sijui, haya tukajaribu," bila kuona aibu.

Jinsi yafanywavyo

Sasa nieleze kazi yenyewe. Hapa Tanzania mpango huu huitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inayoratibu. Maana ya neno "kazini" ni kwamba mwalimu hahami shule yake kurudi chuoni. Walimu wa shule moja, au wa shule za jirani, huunda jumuiya ya kujifunza, wakakutana kwa siku walizopanga. Husoma masomo yaliyotayarishwa, na wengi huyasoma kwa vishikwambi vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha wakagawiwa walimu. Lakini kusoma ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kukitazama kipindi.

Nitatoa mfano wa mshumaa ule ule. Baada ya kujaribu, walimu walikaa wakatengeneza kipindi kimoja cha Kidato cha Kwanza. Mwalimu wa Kemia akakifundisha katika mkondo wa A, na wenzake watatu wakaketi nyuma na madaftari. Wanafunzi walidhani ni wakaguzi, wakanyamaza kama msikiti wakati wa sala. Lakini walimu wale hawakuwa wakimtazama mwenzao. Walikuwa wakiwatazama wanafunzi: nani anagusa vyombo, nani anaandika tu, nani amepotea.

Jioni walipokutana, hakuna aliyesema "umefundisha vizuri" au "umefundisha vibaya." Kila mmoja alisoma aliyoyaona. Mmoja alisema kwamba wanafunzi tisa wa upande wa dirishani hawakugusa kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine alisema kwamba mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mbona maji hayakupanda moto ulipokuwa ukiwaka?", na swali hilo, ambalo ndilo lililokuwa moyo wa kipindi, lilipita bila kujibiwa kwa kuwa kengele ilikuwa karibu. Wa tatu alionyesha kwamba maelezo yalitolewa kabla ya jaribio, kwa hiyo wanafunzi hawakuwa na la kufikiri. Walingoja tu kuona waliloambiwa.

Basi wakakibadilisha kipindi. Katika mkondo wa B wanafunzi waligawanywa watano watano, kila kikundi na sahani yake. Kabla ya kuwasha waliandika wanachodhani kitatokea, na kwa nini. Kisha vikundi vingine vikapewa mshumaa mmoja na vingine mitatu, bila kuambiwa sababu. Maji yalipopanda tofauti, kelele ilikuwa kubwa darasani, na kila kikundi kilitaka kwenda kutazama cha wenzake. Mwalimu alisema maneno machache sana. Kabla ya kengele mwanafunzi mmoja mdogo alisimama akasema, "Mwalimu, labda ni joto." Kesho yake mkondo wa A walirudishiwa kipindi hicho, ili nao wasipate hasara.

Jambo la kukitazama kipindi pamoja halikuanzia kwetu. Wajapani wamelifanya tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Jirani zetu wa Kenya, kwa msaada wa Japani, walianza mwaka 1998 mpango wa kuwafunza walimu wa sayansi na hesabu wa sekondari walio kazini, uitwao SMASSE. Ulianza katika wilaya chache, kisha ukaenezwa nchi nzima, nao wana kituo chao cha mafunzo kule Karen, Nairobi, kiitwacho CEMASTEA. Walimu wa huko hufundishwa mambo manne ya kukumbuka: wanafunzi watende kazi, mwanafunzi awe katikati ya somo, jaribio liwepo, na vifaa vikikosekana, vibuniwe kwa vitu vilivyo karibu. Tena hufundishwa hatua nne za kukitengeneza kipindi: kupanga, kutenda, kutazama, na kurekebisha. Msomaji ataona kwamba ndizo hatua zilizofuatwa katika habari ya mshumaa.

Kasoro zake

Nisingekuwa mkweli kama ningesifu tu. Ziko kasoro, na walimu wenyewe wanazikiri.

Kwanza, ziko semina za siku mbili tatu, ambazo watu hukaa kusikiliza hotuba tangu asubuhi hadi jioni, wakarudi na mkoba na cheti. Si ajabu kwamba semina ya namna hiyo hufundisha kwa maneno matupu kwamba si vema kufundisha kwa maneno matupu! Na aliyekwenda asipowaeleza waliobaki, elimu yake hubaki ndani ya mkoba. Hapa kwetu imekatwa kwamba kila arudiye hufundisha kipindi kimoja mbele ya wenzake katika wiki mbili.

Pili, si kila shule ina walimu wanne wa sayansi. Ndugu yangu asoma katika shule ambayo mwalimu wa Fizikia ni mmoja tu. Huyo atazungumza na nani? Kwake njia ni shule za jirani kukusanyika, lakini barabara ni mbovu wakati wa masika, na nauli ni juu yake.

Tatu, vifaa. Wazazi wengi wakumbuka jinsi wananchi walivyochanga ili kujenga maabara za shule za kata katika miaka iliyofuata 2012. Chumba ni jambo jema, lakini chumba hakifundishi. Chumba kikiwa hakina mwalimu anayejua kukitumia, hugeuka ghala la madawati mabovu. Na mwalimu naye akifunzwa vizuri akarudi mahali pasipo hata mshumaa, mkono wake umefungwa.

Nne ni vipindi vinavyopotea. Hili ndilo lililotuuma sisi wa Kidato cha Nne, wala halikuwa la kubuni. Muhula huu viranja tulimwendea Mkuu wa Shule tukamweleza, naye alitusikiliza. Imekubaliwa kwamba kipindi kikikosekana kwa ajili ya mafunzo kitalipwa Jumamosi asubuhi, na hadi sasa vimelipwa vyote isipokuwa kimoja. Nadhani hiyo ni haki kwa pande zote.

Lililo juu yetu

Wanafunzi wenzangu, kuna kazi ambayo hakuna awezaye kuifanya ila sisi. Walimu wakikutana huzungumza juu ya yale tusiyoyaelewa. Lakini watayajuaje, ikiwa tukiulizwa "mmeelewa?" sote twajibu "ndiyo" kwa sauti moja? Jibu hilo ni la adabu, lakini si la kweli, na lawanyima walimu kitu cha kufanyia kazi. Kuuliza si ujinga. Anayeona haya kusimama na aandike swali lake katika karatasi alitie katika sanduku lililo mlangoni pa maabara. Mimi ndiye ninayelifungua kila Jumanne jioni, wala majina hayahitajiwi.

Kwenu wazazi, mkisikia kwamba mwalimu wa Fizikia amekwenda mafunzoni, msidhani amerudishwa chuoni kwa kushindwa. Mwulizeni mwanao baada ya mwezi mmoja kama kipindi chake kimebadilika. Hicho ndicho kipimo. Kikiwa kimebadilika, basi mafunzo yale yalikuwa na faida, na bodi ya shule ikiomba fedha kidogo za mishumaa, betri na nyuzi za chuma, msiwe wazito, kwani mkono mtupu haulambwi. Kikiwa hakikubadilika, mna haki ya kuuliza kwa nini.

Nanyi walimu wetu, tunawashukuru. Si jambo jepesi mtu mzima mwenye digrii kumwacha mwenzake akae nyuma ya darasa lake na daftari. Mkifanya hivyo mwatuonyesha tabia ya mwanasayansi, na hilo halimo katika kitabu chochote tulichogawiwa. Mwaka ujao sisi wa Kidato cha Nne hatutakuwapo, na faida kubwa itakuwa ya hao wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza. Hatuwaonei wivu. Twaomba jambo moja tu, kwamba baada ya mtihani wetu mtuitie nyuma ya darasa siku moja, tuketi pamoja nanyi tutazame. Baadhi yetu twataka kuwa walimu wa sayansi, na tungependa kuanza mapema.